Sungura na Kidole cha Mzee

Saa moja na robo jioni kisu kiliteleza kwenye kabichi kikamkata mama mkwe kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Damu ilikuwa kidogo. Kelele ilikuwa nyingi, lakini haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanawe, fundi wa majokofu, aliyesimama mlangoni mwa jiko akiuliza kama kuna haja ya kuita gari la wagonjwa.

"Kaa chini," mama yake alimwambia. "Vidole hivi vilianza kukatwa na visu kabla wewe hujaota meno."

Mke wa fundi alifungua mkoba wake wa kazi. Alikuwa mchoraji katika kiwanda cha plasta, na kwa kawaida ya nyumba ile, anayejikata hubandikwa plasta ya kiwandani bila kuulizwa. Usiku ule plasta za kawaida zilikuwa zimekwisha. Zilibaki sampuli tu, ambazo zilikuwa bado hazijatoka kwa umma, zenye michoro aliyoichora yeye mwenyewe. Alikiosha kidole, akakikausha, akakizungushia plasta moja, akabonyeza ncha zishike.

Mama mkwe alikigeuza kidole chini ya taa. Akakigeuza tena. Akavaa miwani.

"Baba," akamwambia mwanawe, "hebu kaninunulie kiberiti."

"Mama, kiberiti kipo hapo juu ya kabati, kimejaa."

"Nimesema kanunue."

Fundi akaenda. Mama mkwe alingoja mpaka mlango wa nje ukafungwa, ndipo akainua kidole.

"Mwanangu, hawa sungura umewachora wewe?"

"Ndiyo, mama. Wamependeza?"

"Wamependeza sana. Wanafanya nini?"

"Wanakimbizana."

"Hapana, mwanangu. Walikuwa wanakimbizana. Huyu ameshamfikia."

Mchoraji alikishika kidole akakisogeza karibu na macho. Sungura wa nyuma alikuwa ameweka mikono yake ya mbele kiunoni mwa sungura wa mbele. Kifua chake kilikuwa juu ya mgongo wa mwenzake. Wote wawili walitazama mbele, na wote wawili walitabasamu, kwa sababu ndivyo walivyochorwa. Tabasamu ndilo lililoharibu mambo zaidi. Bila tabasamu, mtu angeweza kudai ni ajali.

"Labda nimebandika vibaya," alisema mchoraji.

"Umebandika vizuri. Haibanduki."

"Labda kidole chako ni chembamba mno, mama."

"Labda," mama mkwe akakubali. "Na plasta hizi mnamuuzia nani?"

"Watoto."

Mama mkwe alichukua kisu kwa mkono wa kulia, akaendelea na kabichi.

Fundi aliporudi na kiberiti aliwakuta wanawake wawili, mmoja akikata mboga na mwingine akipima kidole cha mwenzake kwa uzi. Aliuliza kuna nini. Akaambiwa hakuna kitu, awashe jiko. Jiko lilikuwa linawaka tangu alipoondoka.

Ili kosa lieleweke, ni lazima ieleweke plasta yenyewe. Plasta ni ukanda mfupi wenye pamba katikati na gundi pande zote mbili. Mezani ina mwanzo na mwisho. Kidoleni haina, kwa sababu inakuwa pete. Wachoraji waliomtangulia katika kiwanda kile walichora ya mezani: nukta, nyota, mistari, na kipindi fulani maua yaliyofanana na nukta. Mchoraji huyu alikuwa wa kwanza kuchora ya kidoleni. Juu ya pamba aliweka nyasi na maua. Kwenye ncha ya kulia alimweka sungura anayekimbilia kulia, na kwenye ncha ya kushoto sungura mwingine anayekimbilia kulia vilevile. Ukanda ukizungushwa, pua ya huyu inafika nyuma ya mkia wa yule, na mbio hazina mwisho. Mkurugenzi alipouona mchoro huo alikaa nao mezani kwake asubuhi nzima, kisha akasema maneno ambayo mchoraji aliyakariri kama namba ya simu: "Rola za kuchapia zikizunguka na sungura hawa, unaajiriwa."

Maana alikuwa hajaajiriwa. Alikuwa kwenye majaribio, na majaribio yalikuwa yanaisha wiki ile. Rola zilipangwa kuzunguka kesho yake.

Mchoro wowote kabla ya kufika kwenye rola ulipaswa kupita kwa Mzee. Mzee alikuwa kidole cha mti. Mwasisi wa kiwanda, baba yake Mkurugenzi, alikichongesha kwa seremala enzi za uhai wake, kwa kipimo cha kidole chake mwenyewe cha shahada, na kwa miaka yote iliyofuata plasta ilizungushwa juu ya kidole hicho kabla ya kuidhinishwa. Kilikaa ndani ya boksi dogo lenye mahameli nyekundu, kimelala chali. Mwasisi alikuwa mtu wa miraba minne. Picha yake iliyotundikwa mapokezi ilikatwa kwenye mabega kwa sababu fremu haikutosha.

Sungura walikuwa wamepita kwa Mzee. Pua ya mmoja ilisimama unywele mmoja nyuma ya mkia wa mwingine. Mpima ubora, aliyeitwa Rula kiwandani na nyumbani kwake pia, alitazama kwa kioo cha kukuzia, akatamka maneno yaliyotamkwa kwa kila mchoro uliofaulu: "Mzee amekubali."

Asubuhi mchoraji alimkuta Rula akifuta vumbi kwenye boksi.

"Kaka Rula, naomba tumjaribu Mzee tena."

"Mzee hajaribiwi. Mzee anajaribu."

"Basi ajaribu tena."

Rula alivaa glavu, akamtoa Mzee, akamsimamisha kwenye kishikizo. Mchoraji akazungusha plasta. Sungura wakakimbizana kwa heshima zao, unywele mmoja katikati.

"Unaona?" alisema Rula. "Mbio. Michezo. Afya."

"Sasa naomba kidole chako cha mwisho."

"Cha nini?"

"Tuzungushe."

"Mimi nimeajiriwa kupima plasta," Rula alisema. "Sijaajiriwa kupimiwa."

"Kidole cha Mzee ni kinene, kaka. Mtoto hana kidole kama hicho. Ncha zinapandana."

Rula alitazama mlangoni, kisha juu, kwenye bomba la hewa, kana kwamba marehemu angeweza kuwa anapita humo.

"Umesema Mzee ni nini?"

"Mnene."

"Mimi sikusikia," Rula alisema. "Na wewe hukusema. Tukubaliane hivyo, dada yangu, kwa faida ya watoto wetu." Akamlaza Mzee kwenye mahameli, akafunga boksi, akatia mikono yote miwili mifukoni.

Mchoraji akaenda kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa mwanamke aliyefanana na baba yake kwa sura, kwa sauti na kwa ujazo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Mchoraji alieleza upana wa vidole, urefu wa ukanda na kupandana kwa ncha. Hakueleza sungura walikuwa wanafanya nini. Alisema tu kwamba "mchoro unapoteza maana iliyokusudiwa".

"Unapata maana gani?"

"Nyingine."

Mkurugenzi alichukua sampuli, akazungusha kwenye kidole chake mwenyewe cha shahada. Pua, unywele mmoja, mkia.

"Mimi sioni kitu."

"Kwako hakitaonekana, Mkurugenzi."

"Kwa nini kwangu?"

Swali hili lilikuwa na jibu moja tu, na jibu hilo halisemwi na mtu aliye kwenye majaribio. Mkurugenzi akabonyeza kitufe, akamwita Rula. Rula alikuja mikono ikiwa mifukoni.

"Rula, Mzee alikubali hawa?"

"Alikubali, Mkurugenzi."

"Bila shaka?"

"Mzee hajawahi kuwa na shaka."

"Basi," Mkurugenzi alimwambia mchoraji, kwa sauti ya upole. "Binti, uoga wa siku ya kwanza ni kitu cha kawaida. Nenda ukaangalie rola zako zikizunguka."

Mchoraji alikuwa ameshageuka simu ya mezani ilipolia. Ilikuwa mapokezi. Kuna bibi mmoja amefika, walisema, anataka plasta isiyo na wanyama, na anakataa kutoa mkono wake wa kushoto mfukoni.

Mama mkwe alikuwa amejaribu kuishi na plasta ile. Alikuwa ameshindwa kuibandua usiku kwa sababu kidonda kilikuwa kibichi, na gundi ya kiwanda kile haikuwa ya mchezo. Alfajiri alikwenda sokoni akalipa kwa mkono wa kulia, akapokea mboga kwa mkono wa kulia, na jirani alipompa mtoto ambebe, alimbeba kwa mkono wa kulia, mtoto akining'inia kama mkoba. Jirani aliuliza mkono mwingine una nini. Hapo ndipo mama mkwe alipoamua kwenda kiwandani. Alivaa sweta lake la safari, lenye mifuko mirefu.

Alipoingia ofisini alimsalimia Mkurugenzi, akakataa kiti, kisha akakubali kiti.

"Huyu ni mama mkwe wangu," alisema mchoraji, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetambulisha polisi.

"Karibu sana, mama," alisema Mkurugenzi. "Nimeambiwa umepata shida na plasta yetu."

"Plasta ni nzuri, mwanangu. Damu ilikata papo hapo. Shida ni wapangaji wake."

"Wapangaji?"

"Hao waliopangishwa juu."

Mkurugenzi aliomba kuona. Mama mkwe aliangalia chumba chote. Akamwangalia Rula.

"Huyu baba atoke kwanza."

Rula alitoka kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuiona kiwandani.

"Na mkaza mwanangu naye atoke."

"Mama, mimi ndiye niliyewachora!"

"Kuchora ni kuchora. Mimi siwezi kulitamka neno hili na mke wa mwanangu amesimama hapo. Nenda nje, mwanangu. Shika na mkoba wangu."

Kilichosemwa ndani baada ya hapo hakina shahidi. Kinachojulikana ni kilichosikika ukumbini, nacho kilikuwa kidogo: sauti ya chini ya mama mkwe, kimya, sauti ya Mkurugenzi ikisema "hapana", sauti ya mama mkwe ikisema "geuza hivi", na kimya kingine kirefu.

Ukumbini Rula na mchoraji walisimama wakitazama kizima moto.

"Mama mkwe wako anajua kuzungumza?" Rula aliuliza.

"Ana wajukuu kumi na mmoja."

Rula akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa sifa za mtaalamu. Halafu akatoa mkono wake wa kulia mfukoni. Kwenye kidole cha mwisho palikuwa na plasta.

"Nilijaribu ulipoondoka," alisema. "Nilisema nijiridhishe tu."

"Na?"

"Nimejiridhisha. Haitaki kutoka, dada yangu. Nimetumia maji ya moto, nimetumia mafuta ya mashine. Mchana nina kikao na wanunuzi."

"Ulikuwa nayo mfukoni ulipomwambia Mkurugenzi kwamba Mzee hajawahi kuwa na shaka?"

"Mzee hana shaka. Mwenye shaka ni mimi." Akaurudisha mkono mfukoni. "Sahihi ya kuidhinisha ni yangu pia, usisahau. Wewe ukienda nyumbani, mimi ninakufuata nyuma."

Wote wawili waliona picha ambayo maneno hayo yaliwapa, na hakuna aliyeicheka.

Mlango ulifunguka. Mkurugenzi alikuwa na macho mekundu na leso mkononi, na haikuwezekana kujua kwa kumtazama kama alikuwa amelia au amecheka. Mama mkwe alikuwa ameketi nyuma yake, mkono wa kushoto juu ya meza, hadharani, kama mtu aliyetua mzigo.

"Mtambo usiwashwe," alisema Mkurugenzi. "Rula."

"Naam."

"Kidole cha baba yangu kilikuwa kikubwa kiasi gani?"

"Kilikuwa cha kutosha, Mkurugenzi."

"Rula."

"Kinazidi cha mtoto karibu mara mbili."

"Umejua lini?"

"Tangu nilipokishika mara ya kwanza."

"Na hukusema miaka yote hii?"

"Nukta hazikulalamika," alisema Rula. "Nukta ikipanda juu ya nukta, nani atauliza? Nyota nazo zilipandana tangu zamani. Tulikuwa hatujapata wanyama."

Mkurugenzi alimgeukia mchoraji. Alisema mambo kwa mpangilio, bila ukali, na kwa sababu hiyo yalikuwa magumu zaidi. Ukanda ulikuwa umeshafungwa kwenye mtambo. Maboksi yalikuwa yameshachapwa jina, "Mbio za Sungura". Mpira mpya wa kuchapia huagizwa mbali, na hauwezi kufika kabla ya mwezi ujao. Wakati huo majaribio ya mchoraji yatakuwa yameisha, na nafasi hairefushwi. Hiyo ilikuwa kanuni ya baba yake, na kanuni za baba yake hazikuwa na unene wowote wa kulalamikiwa.

"Nilikwambia rola zikizunguka unaajiriwa," alimaliza. "Hazitazunguka na hawa. Umenisaidia, nami nakushukuru. Lakini hazitazunguka."

Mchoraji alisimama akiwa bado ameshika mkoba wa mama mkwe.

"Naomba nikauone mpira," alisema.

Mpira wa kuchapia ni kama muhuri mrefu. Palipoinuka panashika wino, palipochongwa hapashiki. Ulikuwa umelazwa kwenye meza ya chumba cha mtambo, na juu yake palikuwa na michoro ya plasta arobaini na nane, kila mmoja na sungura wake wawili, wameinuka, wanono, wa rangi moja mwili mzima. Kwenye mpira mtu anaweza kuondoa. Hawezi kuongeza.

Mchoraji aliinamia meza kwa muda. Kisha akaomba wembe wa kuchongea na taa.

"Unafanya nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"Naondoa sungura mmoja."

"Abaki mmoja peke yake? Anamkimbiza nani?"

Mchoraji alimtazama mama mkwe, ambaye alikuwa ameletewa kiti na chai. Akakitazama kidole chake. Halafu akasema: "Kabichi."

Akaeleza. Sungura akikatwa masikio, miguu, mkia na kichwa, kinachobaki ni tumbo. Tumbo lile lilikuwa la mviringo. Likichongwa mishipa, ni kabichi.

"Basi mtoe huyo wa nyuma," mama mkwe alishauri. "Ndiye mwenye haraka."

"Nikimtoa wa nyuma, mama, kabichi itakuwa inamfukuza sungura."

Mama mkwe alifikiri. "Kwa hiyo anayeondoka ni yule asiye na kosa."

"Ndiyo."

"Sawa," alisema, akanywa chai. "Kama kawaida."

Kazi ilianza. Kwenye mpira kila kitu kimegeuzwa, kulia ni kushoto, na Rula, ambaye sasa hakuwa na la kuficha isipokuwa kidole kimoja, alisimama na kioo cha kukuzia akimwongoza: "Huyu ni wa mbele. Huyu ni wa nyuma, mwache. Huyu ni wa mbele." Mchoraji alikata sikio, sikio, kichwa, miguu. Sungura wa kwanza alimchukua muda mrefu. Alikuwa amewachora kwa miezi mitatu. Alipofika kwenye tabasamu alisita, kisha akapitisha wembe.

"Mishipa ya kabichi haiendi hivyo," mama mkwe alisema kutoka kwenye kiti.

"Inaendaje, mama?"

"Ina mgongo mmoja katikati, mnene chini, mwembamba juu. Mishipa mingine inatoka mgongoni inakwenda pembeni. Jana nilikuwa nayo mkononi. Niliitazama vizuri kuliko nilivyotaka."

Mchoraji akachonga mgongo mmoja katikati. Mkurugenzi alishuka mara mbili kuangalia, na mara ya pili hakupanda tena ofisini. Alivuta kiti akaketi karibu na mama mkwe. Fundi mtambo wa kiwanda, aliyekuwa akingoja kuwasha, aliahirisha kula. Kikao cha wanunuzi kilifanyika bila Rula, ambaye alituma ujumbe kwamba ameumia kidole, jambo ambalo kwa kiasi fulani lilikuwa kweli.

"Simama," alisema Rula alasiri. "Hii kabichi ina mkia."

Mchoraji akaukata mkia.

Zilipokamilika zote, hakuna kabichi mbili zilizolingana. Moja ilikuwa imelalia upande. Nyingine ilifanana zaidi na konokono, lakini mama mkwe aliipitisha, akisema sokoni ameshauziwa mbaya kuliko hiyo. Fundi mtambo aliufunga mpira kwenye rola, akachapa ukanda mfupi wa majaribio, akaukata kwa mkono. Mchoraji alichukua plasta moja yenye wino ambao haujakauka vizuri.

Rula alifungua boksi la mahameli kwa mazoea. Akamtazama Mkurugenzi. Akalifunga.

"Mama," alisema Mkurugenzi, "tunaomba kidole."

Mama mkwe alitoa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kizima, chembamba. Mchoraji akazungusha ukanda, akabonyeza ncha. Watu wanne waliinama. Sungura alikuwa amepanda juu ya kabichi kwa mikono miwili, meno yake yakiwa karibu na jani la juu, akitabasamu.

"Anafanya nini?" aliuliza Mkurugenzi, na alikuwa anauliza kwa hofu ya kweli.

Mama mkwe alivaa miwani. Alikigeuza kidole chini ya taa. Akakigeuza tena.

"Anakula," alisema. "Ameshaifikia, na anakula. Huyu hata mwanangu anaweza kumwona."

Mkurugenzi aliomba plasta nyingine, akazungusha kwenye kidole chake mwenyewe. Kwake sungura alibaki unywele mmoja nyuma ya kabichi. Alimtazama kwa muda.

"Kwetu sisi hafiki," alisema.

"Kwenu anafanya mazoezi," mama mkwe akamfariji.

Fundi mtambo aliwasha mtambo. Rola zilizunguka. Mkurugenzi alingoja mpaka boksi la kwanza lilipojaa, na juu ya boksi hilo, kwa kuwa hakukuwa na meza karibu, alisaini mkataba wa mchoraji. Maboksi hayakuhitaji kuchapwa jina jipya. Mama mkwe alipewa pakiti ya plasta zisizo na wanyama, na alipofika langoni alirudi akaomba mbili za sungura, akisema ni za jirani.

Wiki iliyofuata seremala aliitwa. Mkurugenzi alitaka kidole cha pili cha mti, chembamba, na kipimo chake kichukuliwe kutoka kwa mama mkwe, ambaye alikwenda na sweta lake la safari, akakaa wima seremala alipokuwa anapima kana kwamba anapigwa picha. Kidole kilipokamilika wafanyakazi walikiita Bi Mkubwa. Mkurugenzi alisema Mzee asiondolewe. Michoro yote sasa ipite kwa wote wawili, na wakae pamoja katika boksi moja, kwa heshima.

Rula alivaa glavu. Alimlaza Mzee chali kwenye mahameli, kama siku zote. Boksi lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya kidole kimoja. Akamweka Bi Mkubwa mahali palipobaki, na mahali palipobaki palikuwa juu. Akafunga kifuniko.

Akakifungua tena. Akatazama. Aliuangalia mlango, kisha bomba la hewa.

Akamtoa Bi Mkubwa, akamfunga kwenye kitambaa safi, akapanda ngazi hadi ofisini kwa Mkurugenzi, akaomba boksi la pili. Mkurugenzi hakuuliza sababu. Boksi lilinunuliwa siku hiyohiyo.